UCHAMBUZI: Mwanafunzi asisubiri mwaliko ndipo akizuru chuo kikuu

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa mwezi Januari, nchi hii huingia katika msimu ambao haumo katika kalenda yoyote ya Wizara ya Elimu. Mabango huangikwa kando ya barabara kuu, redio hujaa matangazo, na simu za wazazi hupokea jumbe kutoka kwa vyuo ambavyo hawakumbuki kuwahi kuvipa nambari zao. Ujumbe wenyewe huwa mmoja: njooni mtutembelee, milango yetu i wazi.

Siku hizi za milango wazi si jambo baya. Mtoto aliyelelewa mahali ambapo jengo refu kuliko yote ni tangi la maji la shule hupata fursa ya kuona maabara, maktaba na ukumbi wa mihadhara kwa macho yake, tena bila kuulizwa na askari wa langoni ametumwa na nani. Mzazi naye hupata kumsikia msajili akizungumzia karo ana kwa ana. Tatizo ni kwamba siku hizo hupangwa kwa kufuata kalenda ya chuo wala si mahitaji ya mwanafunzi. Familia nyingi zina nauli ya safari moja tu. Safari hiyo ikifanywa mapema mno au kwa kuchelewa, au siku ambayo chuo kimejipamba kama bwana harusi, uamuzi wa miaka minne au mitano hufanywa kwa kutegemea picha isiyo kamili.

Ili kuelewa jinsi tulivyofika hapa, ni vyema kukumbuka tulikotoka. Kabla ya shirika la KUCCPS kuundwa, uteuzi wa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma ulikuwa mikononi mwa bodi ya pamoja ya vyuo hivyo, JAB. Wakati huo mtahiniwa alijaza fomu ya kozi akiwa kidato cha nne, miezi kadhaa kabla ya kuuona mtihani wenyewe. Mimi ni mmoja wa walioijaza, mapema katika miaka ya tisini, mfumo wa 8-4-4 ukiwa bado mchanga. Shuleni mwetu hakuna mwanafunzi aliyewahi kukanyaga chuo kikuu. Kijitabu cha maelezo kilikuwa kimoja, nasi tulikuwa zaidi ya arobaini. Mwalimu alisimama mbele ya darasa akasoma majina ya kozi kwa sauti ileile aliyotumia kusoma majina ya waliokuwa na deni la karo, nasi tukawa tunainua mikono.

Nilichagua kozi yangu ya kwanza kwa sababu jina lake lilikuwa refu. Nasema kweli tupu. Nilipofika bewani niligundua kwamba nilichodhani kuwa ni taaluma ya kuwasaidia wakulima kilikuwa, kwa kiasi kikubwa, hesabu ambazo nilikuwa nimezikimbia tangu kidato cha pili. Ilinigharimu karibu muhula mzima wa kupanga foleni katika ofisi hii na ile kabla ya kukubaliwa kuhamia idara ya lugha, na huko ndiko ilikoanzia kazi hii ya kunyoosha sentensi za watu. Wenzangu wawili hawakubahatika. Mmoja alivumilia hadi mwisho akapata shahada ambayo hajawahi kuitumia hata siku moja. Mwingine aliondoka mwaka wa pili na hakurudi.

Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliiondoa JAB na kuleta KUCCPS, na katika miaka ya hivi karibuni uchaguzi wa kozi umesogezwa hadi baada ya matokeo kutolewa. Haya ni mabadiliko makubwa kuliko wazazi wengi wanavyotambua. Mwanafunzi wa leo hachagui gizani. Anazijua alama zake, na anaweza kuona katika tovuti ya KUCCPS alama ambazo kozi fulani ilihitaji miaka iliyotangulia. Anachokosa ni muda, kwa maana dirisha la maombi likishafunguliwa huwa la wiki chache tu, na wengi hujikuta wakichagua katika duka la intaneti, nyuma yao pana watu wengine kumi, na mwenye kompyuta anawahimiza wafanye haraka.

Kwa nini basi vyuo navyo vimekuwa na pupa ya kualika? Jibu lipo katika takwimu. Mwaka wa 2015, watahiniwa 169,492 walipata alama ya C+ na zaidi, ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kujiunga na chuo kikuu. Mwaka uliofuata serikali iliukaza mtihani dhidi ya udanganyifu, na idadi hiyo ikaporomoka hadi 88,929. Waliopata alama ya A walipungua kutoka 2,685 hadi 141 nchini kote. Ghafla wote waliohitimu wakawa wanatosha katika nafasi zinazofadhiliwa na serikali, na ule mpango wa wanafunzi wa kujilipia, uliokuwa umevinenepesha vyuo vya umma tangu mwishoni mwa miaka ya tisini, ukakauka kama kisima cha kiangazi. Mabewa yaliyokuwa yamefunguliwa juu ya maduka na benki katika miji midogo yakaanza kufungwa moja baada ya jingine.

Idadi ya waliohitimu imepanda tena tangu wakati huo. Katika KCSE ya 2023 walikuwa 201,133, na katika ile ya 2024 wakafika 246,391. Hata hivyo, mnamo Mei 2023 serikali ilizindua mfumo mpya wa ufadhili ambapo fedha humfuata mwanafunzi kulingana na hali ya familia yake, badala ya kupelekwa chuoni kwa jumla. Chini ya mpango huo, kiti kitupu ni hasara ya moja kwa moja kwa chuo. Kwa hivyo anayekualika siku ya milango wazi ana shida yake pia, na si vibaya mgeni akalijua hilo kabla ya kukaa mezani.

Mpwa wangu, ambaye alifanya KCSE miaka michache iliyopita, alinifundisha jambo hili vizuri kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuihariri. Alitaka kusomea uuguzi. Mara tu alipomaliza mtihani alikwenda katika siku ya milango wazi ya chuo kimoja, Jumamosi, yeye na mama yake. Kulikuwa na hema, muziki, fulana za bure na maji ya chupa. Walipelekwa katika chumba cha mafunzo ya uuguzi, wakaonyeshwa sanamu ya mgonjwa inayopumua na kutoa sauti ya moyo. Binti alirudi nyumbani ameshaamua.

Nilimwuliza maswali matatu tu. Hospitali ya kufanyia mazoezi iko wapi? Wanafunzi wa mwaka wa pili wanalala wapi? Je, Baraza la Wauguzi linaitambua kozi hiyo? La tatu alilijibu, maana lilikuwa limeandikwa katika karatasi aliyopewa. Hayo mengine mawili hakuyajua.

"Mjomba, hapakuwa na mtu wa kuuliza," alijitetea. "Waliokuwa pale wote walikuwa wa kutukaribisha."

Matokeo yalipotoka mwezi Januari, akiwa na alama zake mkononi, nilimpa nauli arudi Alhamisi moja ya Februari, peke yake, bila kumwambia mtu yeyote. Chumba cha sanamu kilikuwa kimefungwa kwa kufuli. Alisubiri nje ya maktaba hadi akampata msichana wa mwaka wa pili aliyekuwa tayari kuzungumza naye. Aliambiwa kwamba sanamu zilikuwa mbili, zikigawanywa na madarasa ya miaka mitatu. Kwamba hospitali ya mazoezi ilikuwa safari ya zaidi ya saa moja kwa matatu na nauli ilitoka mfukoni mwa mwanafunzi. Na kwamba mabweni yaliwatosha wa mwaka wa kwanza pekee, wengine wakikodi vyumba vya nje, wanne wanne. Lakini aliambiwa pia, na hili hakulisikia katika hema lile, kwamba wahadhiri walikuwa hodari, hawakosi darasani, na kwamba mmoja wao alikuwa ofisini mwake wakati huo huo. Mpwa wangu alibisha hodi, akapewa dakika ishirini na mama mmoja aliyekuwa akisahihisha karatasi.

Katika maombi yake alikiweka chuo hicho nafasi ya pili. Nafasi ya kwanza alikipa chuo kingine, kisicho na sanamu inayopumua, ambacho hospitali yake iko ng'ambo ya barabara.

Kutokana na mfano huo na mingine ambayo nimeisikia kwa wasomaji na majirani, naona kwamba kipindi bora cha ziara kwa aliyekwisha kufanya KCSE ni kati ya kutangazwa kwa matokeo na kufungwa kwa dirisha la maombi. Wakati huo mambo matatu hukutana. Mwanafunzi anazijua alama zake, vyuo vingi viko katikati ya muhula ulioanza Januari, na bado hakuna kilichotiwa sahihi. Mwanafunzi aliyezuru Desemba mara nyingi hukuta watu wamo katika mitihani ya mwisho wa muhula au wamekwisha kwenda nyumbani, na majengo matupu husifika kwa urahisi sana. Anayezuru Agosti akiwa na barua ya kuitwa mkononi hazuru tena, huyo anahamia.

Ni busara pia kusoma magazeti kabla ya kufunga safari. Mwaka wa 2025 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma kwa siku 49, kuanzia Septemba hadi mapema Novemba. Mwanafunzi aliyechagua kipindi hicho kuzuru alikuta milango iliyo wazi kweli, ila hakuna aliyekuwa akifundisha ndani.

Jambo jingine ambalo wazazi hulikosea ni kudhani kwamba alama ya jumla ndiyo inayofungua kila mlango. Tangu KCSE ya 2023, alama hiyo hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Mpango huo umewaokoa wengi. Klasta, hata hivyo, haina huruma hiyo. Yenyewe hutazama masomo manne yanayohusiana na kozi, na kiwango chake cha juu ni alama 48. Mwanafunzi mwenye B safi ambaye hakufanya Fizikia hawezi kuingia uhandisi hata akienda na mjomba wake waziri. Nimewaona wazazi katika mahema ya vyuo wakiuliza habari za uhandisi huku mtoto akitazama chini, kwa sababu yeye anajua kwamba Fizikia aliiacha mwishoni mwa kidato cha pili, pale alipoambiwa achague, na hakuna aliyemwambia mlango gani ulikuwa ukifungwa.

Hapo ndipo naona ziara ya kwanza haikupaswa kusubiri kidato cha nne. Katika mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya mwisho imepangwa kufanywa 2027, wakati mwafaka ulikuwa kabla ya kuchagua masomo. Ziara hiyo haihitaji kuwa katika chuo ambacho mtoto atakiomba. Lengo lake ni kumwonyesha chuo kikuu ni kitu gani, watu hufanya nini humo siku nzima, na kozi yenye jina refu hufundishwaje. Mtoto wa Kilifi anaweza kukizuru Chuo Kikuu cha Pwani na kurudi nyumbani jioni. Wa Bungoma ana Kibabii. Wa Voi ana Chuo Kikuu cha Taita Taveta, ambako atakuta uhandisi wa migodi ukifundishwa katika kaunti yenye migodi. Tangu 2012 na 2013, vyuo vishirikishi vingi vilipopewa hati za kuwa vyuo vikuu kamili, umbali si kisingizio kikubwa kama ulivyokuwa enzi zetu, tulipohesabu vyuo vikuu vya umma kwa vidole vya mkono mmoja.

Nasema si kisingizio kikubwa, sisemi umbali umekwisha. Mwanafunzi wa Mandera au wa kaskazini mwa Turkana bado anaweza kusafiri siku nzima na zaidi kabla ya kukifikia chuo chenye kozi anayoitaka. Shule kubwa za kitaifa zina mabasi, na wanafunzi wake huzunguka vyuo kila mwaka kwa jina la kongamano la somo hili au lile. Shule za kutwa, ambako ndiko waliko maskini wengi, hazina basi wala kongamano. Kaunti hutenga fedha za basari kila mwaka, na sioni kwa nini sehemu ndogo ya fedha hizo isikodi basi moja kwa kila kata wakati wa likizo ya Aprili, vyuo vingi vikiwa vingali vinafundisha. Kodi ya basi la siku moja ni ndogo mno ikilinganishwa na mwaka mmoja wa karo unaopotea mwanafunzi anapoacha kozi njiani.

Pasipo basi, yapo maonyesho ya kilimo. Vyuo vingi huweka vibanda katika maonyesho ya Nakuru, Mombasa na Nairobi, na wanaokaa katika vibanda hivyo aghalabu ni wahadhiri na wanafunzi, ambao kufikia adhuhuri huwa wamechoka kutabasamu na huanza kusema ukweli.

Na mwenye nafasi ya kuuliza aulize nini? Kuhusu karo, asiridhike na idadi ya muhula wa kwanza. Aulize gharama ya kozi nzima, kisha atofautishe sehemu ya ufadhili, sehemu ya mkopo na ile itakayotoka nyumbani. Mfumo wa ufadhili wenyewe umepita katika mawimbi: Mahakama Kuu iliuharamisha Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo mwaka wa 2025. Mzazi asiyeuliza anaweza kujikuta akipanga bajeti kwa kutumia karatasi ya mwaka uliopita.

Kuhusu utambuzi wa kozi, swali ni moja tu nalo ni la lazima: je, chombo kinachosimamia taaluma hii kinaikubali shahada yenu? Kuna wahitimu zaidi ya mia moja wa uhandisi, waliosoma kwa uaminifu katika vyuo vikuu vya umma, ambao bodi ya kusajili wahandisi iliwakataa baada ya kuhitimu. Walizunguka mahakamani hadi Mahakama ya Juu, ambayo ilitoa uamuzi wake 2018. Mvutano baina ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu na mabaraza ya taaluma kuhusu nani mwenye neno la mwisho umewaumiza watu ambao kosa lao lilikuwa kuamini barua ya kuitwa. Swali hilo likiulizwa na wageni hamsini mbele ya meza moja Jumamosi moja, nadhani hata chuo kitalichukulia kwa uzito tofauti na linapoulizwa na mhitimu mmoja miaka mitano baadaye.

Sasa limekuja kundi ambalo hali yake ni tofauti kabisa. Wanafunzi wa mtaala wa umilisi walioingia Gredi ya 10 mnamo Januari 2026 ndio wa kwanza kufika kiwango hicho, na kwa mujibu wa mpangilio wa mtaala huo watabisha hodi vyuoni 2029. Hao wamekwisha kuchagua njia za masomo: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wengi walichagua wakiwa Gredi ya 9, wakiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, na ni wachache waliokuwa wamewahi kuliona lango la chuo kikuu kwa karibu. Kwa lugha nyingine, fomu ile niliyoijaza miaka ya tisini imeteremshwa hadi kwa watoto wadogo zaidi.

Vyuo vikuu, ambavyo vina bidii kubwa ya kualika kila Januari, havijaonyesha bidii kama hiyo kwa watoto hawa, pengine kwa kuwa bado ni miaka kadhaa kabla waje na karo. Wazazi wao wana nafasi ambayo sisi hatukupewa. Likizo za Aprili ziko mbele yao, na lango la chuo cha umma siku ya wiki huhitaji kitambulisho cha mtu mzima mmoja na maelezo mafupi kwa askari. Mimi nimejaribu mara mbili nikiwa na watoto wa majirani. Mara ya kwanza tuliruhusiwa kuingia baada ya dakika kumi. Ya pili tuliambiwa turudi siku ya milango wazi, tukamwomba askari amwite mtu wa ofisi ya msajili, akaja kijana mmoja mpole akatutembeza mwenyewe hadi saa nane.